Kiapo cha Mama Elia

Siku mliponiaga pale ukumbini mlinipa kipaza sauti, nikasema "wanangu" nikaishia hapo hapo. Machozi yalinizidi, nanyi mkapiga makofi mkidhani hotuba imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilikuwa na mambo ya kuwaambia, hasa ninyi mliokuja masjala miaka hii ya karibuni mkakuta kompyuta mezani na kiti kinachozunguka. Basi nimekaa nyumbani kwangu, kuku wananipita miguuni, naandika nilichoshindwa kusema. Vyeo nitavipita. Mishahara nayo nitaipita, maana hakuna karani atakayejifunza kitu kwenye mshahara wangu. Nitasema nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa moyo mweupe kabisa, likamgharimu mama wa watu msimu mzima wa mtama.

Nilianza kazi mahakamani hapa Singida mjini miaka ile ya ruksa, sabuni imerudi madukani, mitumba imeanza kumwagwa chini sokoni, na kila mwenye kibanda anajiita mfanyabiashara. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Karani mkuu alikuwa Mzee Abdallah, mtu wa mjini hapa hapa, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa Unyaturu asirudi tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nina cheti cha kidato cha nne. Akasema hajaniuliza cheti. Akanipa faili, akaniambia nisome kwa sauti kuanzia jalada, namba, majina, mpaka muhuri wa mwisho. Nilipomaliza akaniuliza tarehe iko wapi. Haikuwepo. Nilikuwa nimesoma ukurasa mzima usio na tarehe na sikuona kitu. Akacheka peke yake, akaenda kunywa kahawa.

Kisha akanipeleka stoo ya vielelezo. Ninyi mna rafu za chuma na daftari zuri. Sisi tulikuwa na chumba kimoja chenye harufu ya gongo iliyomwagika, mapanga yamefungwa vitambaa, baiskeli mbili zisizo na mnyororo, na magobore yameegemezwa ukutani, kila moja lina kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Hapo ndipo nilipofundishwa somo la kwanza la silaha. Mzee Abdallah alisema gobore likiletwa, usimuulize polisi kama lina risasi, maana atakwambia halina, na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Chukua mshindilio, ile fimbo ya kushindilia baruti, uteremshe ndani ya mtutu taratibu, ushike kwa kidole pale unapoishia mdomoni, uutoe, uulaze kando ya mtutu kwa nje. Kipande ulichokipima kikiwa kifupi kuliko mtutu, ujue kuna kitu kimekaa ndani. Mwezi wangu wa kwanza nilipima yote yaliyokuwemo. Moja lilikuwa limeshindiliwa. Lilikuwa ukutani pale miaka miwili, na sisi tunakunywa chai chini yake na maandazi. Mzee Abdallah alikaa kwenye ngazi kama dakika kumi hivi, chai yake ikapoa.

Kazi yangu nyingine ilikuja yenyewe. Nimezaliwa Kiomboi, Kinyiramba nimekinyonya, na Kinyaturu nimekikuta kwa mume. Wazee walipokuja na hati za Kiingereza, mimi ndiye niliyeitwa kuwasomea. Hakuna barua ya kazi iliyosema hivyo. Nilikuwa naitwa tu: wewe binti, njoo umweleze huyu mzee. Niliipenda kazi hiyo kuliko taipureta. Mtu mzima anakaa mbele yako, mikono magotini, anakusikiliza kama vile maisha yake yako mdomoni mwako. Na mara nyingi ni kweli.

Hivyo ndivyo nilivyompata Mama Elia. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimeshazoea kazi kiasi cha kujiona najua kila kitu. Aliingia asubuhi amejifunga khanga mbili, miguu ina vumbi hadi magotini, mkononi bahasha kubwa aliyoikumbatia. Jina lake la kwenye hati lilikuwa Naomi. Elia alikuwa mwanawe wa kwanza, alikufa kwa surua akiwa darasa la nne, lakini jina la mama alimwachia. Kijiji chake sitakitaja, wala wilaya, wala ofisa aliyemfanyia niliyoyasikia. Wapo wanaojua, na wasiojua hawatapungukiwa.

Mumewe alikuwa na gobore la halali, leseni yake ya miaka mingi imekunjwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Halikuwa la kuwindia. Shamba lao lilipakana na pori, na bila gobore hakuna aliyevuna kule: mchana nyani, giza likiingia nguruwe pori. Mzee akafariki. Siku ya tatu ya msiba, Mama Elia amekaa mkekani na wanawake wenzake ndani, likaja Land Rover. Watu wakashuka, wakasalimiana na wanaume walioketi nje, wakasaini na mwenyekiti wa kijiji, wakaingia chumba cha pili wakachukua gobore, wakaondoka. Yeye alisikia gari tu. Alidhani ni watu wa msiba.

Alipokuja kulitafuta, mtama umeanza kukomaa, akaambiwa limekwenda na gari lile, la watu wa ofisa wa leseni. Akamfuata ofisa huyo. Ofisa akasema mwenye leseni amekufa, leseni imekufa naye, na magobore ya marehemu hayapewi wajane, wilaya imejaa ujambazi. Mama Elia akauliza aende kwa nani juu yake. Akajibiwa kuwa sheria inasema uamuzi huo ni wa mwisho, hakuna mahakama itakayousikiliza. Mchungaji wao alipopata habari akamwandikia wakili mmoja kijana wa Dodoma aliyesoma naye. Wakili akaona kitu ambacho wengi hatukuwa tumekizoea bado: haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa ndani ya Katiba, na mwananchi wa kawaida angeweza kwenda Mahakama Kuu akasema kifungu hiki cha sheria kinavunja Katiba. Ile bahasha ilikuwa na ombi la kupinga kifungu kile cha sheria ya silaha, pamoja na hati ya kiapo ya Mama Elia, kwa Kiingereza, ya kuapishwa hapa kwetu ili asihangaike na safari.

Niliposoma jalada nilimwangalia mara mbili. Mama huyu na ndala zake alikuwa anakwenda kuishitaki sheria. Nikamuuliza kama anajua anachokifanya.

"Mwanangu, mimi sikatai sheria ya bunduki," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, nina masikio na mdomo. Kwa nini hakuna aliyeniuliza hata neno moja?"

Hilo ndilo lilikuwa shauri lake lote. Wakili aliliandika kurasa kumi na nne, ibara ya kumi na tatu, ibara ya ishirini na nne, lakini mwenyewe alilimaliza kwa pumzi moja. Alitaka gobore lake lirudi avune. Na alitaka aulizwe.

Nilimsomea kiapo asubuhi nzima, sentensi kwa sentensi, nikigeuza kwa Kinyiramba. Alinisahihisha. Pale walipoandika mumewe alikuwa mwindaji alisema hapana, alikuwa mkulima mwenye gobore, nikaweka alama wakili akabadilishe. Akaniambia pia kwamba miaka kumi ya mwisho mzee alikuwa na mguu mbovu na aliyekuwa anapiga nguruwe ni yeye mwenyewe, tena hakosi. Alisema kwa fahari. Nikamwambia mama, hilo tafadhali usilirudie mbele ya hakimu, leseni ilikuwa ya mzee. Akacheka mpaka akajifuta macho. Nilimpenda hapo hapo. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na huyu alicheka kwa namna ile ile, mkono kifuani.

Hati ilipoletwa tena imesahihishwa, nilisogeza kidau cha wino cha dole gumba. Akakisukuma pembeni. Akaomba kalamu. Mumewe alikuwa amemfundisha kuandika jina lake, jina tu, kwa kijiti kwenye majivu, jioni baada ya kula, na alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima kwa ajili ya siku hii. Akanionyesha kwenye karatasi chakavu. Herufi tano, moja imepanda, nyingine imeshuka, ulimi umebanwa kwenye meno. Alipomaliza akalitazama jina, akanitazama mimi.

Sasa sikilizeni vizuri, makarani. Chini ya kila kiapo pana maneno ya mwisho: kimeapwa wapi, lini, mbele ya nani. Kama muapaji hajui kusoma, au hati imeandikwa kwa lugha asiyoijua, yanaongezwa maneno mengine: kwamba muapaji hajui kusoma wala kuandika, kwamba amesomewa na kufafanuliwa kwa lugha fulani, na kwamba ameonyesha kuelewa. Sehemu hiyo niliichapa mimi. Nikaandika mahali, nikaandika tarehe, nikaandika hakimu. Nikafika kwenye "hajui kusoma wala kuandika", vidole vikasimama.

Mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima huwezi kumtamkia upungufu wake, sembuse kuuandika na kuupiga muhuri. Na huyu amekaa hapo nyuma yangu, ametoka kuandika jina lake kwa jasho, halafu mimi nichape kwamba hajui kuandika, karatasi iende Dodoma isomwe na majaji, na kesho keshokutwa mjukuu wake aione. Nikasema moyoni, nani atauliza? Nimemsomea, ameelewa, Mungu anajua. Nikaitoa karatasi kwenye taipureta bila maneno yale. Niliona nimemstahi. Hakimu alikuwa na rundo la mafaili, alimuuliza kama ameelewa, akasema ndiyo, akaapa kwa Biblia, akaandika jina lake, muhuri ukapigwa. Mama Elia alitoka pale akitembea kama bibi harusi.

Baada ya miezi kadhaa shauri lilipangwa Dodoma, mbele ya jaji mmoja kwanza, kuangalia kama linafaa kusikilizwa. Niliomba ruhusa nikamsindikiza, maana Mahakama Kuu huzungumza Kiingereza, naye ana Kinyiramba na Kiswahili tu. Tulipanda basi alfajiri, tukapita Manyoni tukanywa chai, yeye akila viazi alivyovibeba na kunilisha na mimi. Njia nzima alikuwa ananiuliza majaji huwa wanauliza nini. Alikuwa amejiandaa na majibu.

Wakili wa serikali alikuwa dada mmoja mpole, mwenye miwani. Akasimama akasema ana pingamizi la awali. Alisema kiapo ni cha Kiingereza, na hakuna mahali popote panapoonyesha kuwa muapaji anaijua lugha hiyo wala kwamba alisomewa. Jaji akageukia ukurasa wa mwisho. Akamuuliza wakili wetu kama mteja wake anajua Kiingereza. Wakili akatazama karatasi, akaitazama tena, akasema hapana, mheshimiwa. Kisha akageuka nyuma, akanitafuta kwa macho pale kwenye benchi. Hakunitazama kwa hasira, na ndiyo maana nilitamani sakafu inimeze. Ombi likaondolewa mahakamani kwa kasoro ya kiapo. Wangeweza kulileta tena likiwa sawa. Hata nusu saa haikufika.

Mama Elia alinigusa goti.

"Wameshaanza?" aliuliza.

"Wamemaliza, mama."

Nilimweleza kwamba karatasi ilikuwa na kasoro. Sikumwambia nani aliitia kasoro. Tulirudi na basi lile lile, viazi vimekwisha, naye akaniambia nisihuzunike, serikali ina mambo mengi. Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi. Nilitazama dirishani mpaka Singida.

Mzee Abdallah nilimwambia kesho yake. Nilitegemea anifokee, na nilitaka anifokee. Alifunga dirisha, akakaa, akaniambia kitu ambacho nimekirudia kwa kila karani niliyemfundisha. Alisema yule mama hakuja pale kutafuta mtu wa kumstahi. Kijijini kwake wapo wengi wa kumstahi. Alikuja kutafuta mtu wa kuandika kilichotokea. "Kilichotokea," alisema, "ni kwamba hajui kusoma na wewe ulimsomea. Umeyafuta yote mawili. Umemfuta yeye, ukajifuta na wewe." Akaniambia niende nikamwambie mwenyewe, nisitume barua. Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akaongeza kwamba barua asingeweza kuisoma.

Nilikwenda Jumamosi. Basi liliniacha barabarani, nikatembea saa nzima. Nilimkuta shambani amekaa kwenye kibanda cha kulindia, ana debe na fimbo, anapiga debe kufukuza nyani. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, mabua yamevunjwa, masuke hayapo. Nikapiga goti, nikaamkia. Akafurahi kuniona, akaniuliza habari za watoto, za mume, za Mzee Abdallah ambaye hajawahi kumwona zaidi ya mara mbili. Nikamwambia mama, ngoja kwanza. Nikamweleza yote kwa Kinyiramba, maana jambo kama lile kwa Kiswahili ningejificha. Nikamwambia kasoro ya karatasi ilikuwa mimi, na sababu yake.

Nyani mmoja akakatiza kwenye mabua, Mama Elia hakumpigia debe.

"Umeniponza msimu mzima, mwanangu," alisema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Ulinionea aibu."

Nikajaribu kusema ilikuwa heshima. Akainua mkono.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe, akaniweka nyuma ya ng'ombe. Kaka zangu wakaenda shule. Hilo sikulifanya mimi, na sijawahi kulificha. Andika sijui kusoma. Na uandike nani alinisomea, kwa lugha gani, na kwamba nilielewa kila neno, maana nilielewa." Akashuka kwenye kibanda taratibu, akashika mkono wangu. "Haya, twende ule. Umetoka mbali."

Nilikula ugali wake wa mtama kwa mlenda huku nalia, naye ananiambia niache kulia, chumvi imetosha. Mimi nimesamehewa na watu wengi maishani, ila yule ndiye alinisamehe nikiwa nakula chakula chenyewe nilichompunguzia.

Kiapo cha pili nilichapa mbele yake, kila neno, na nilipofika pale nilisoma kwa sauti huku nachapa. Akatikisa kichwa kukubali. Akaweka jina lake. Safari hii ombi lilipita, likapangwa mbele ya majaji watatu, kama sheria inavyotaka kwa mashauri ya Katiba.

Nilikaa naye benchi la nyuma nikimnong'oneza. Na nataka niseme kwa haki, yule dada wa serikali alisema vizuri. Alisema nchi imefunguka, bidhaa zinapita na silaha zinapita nazo, mabasi yanatekwa, na bunduki ikiachwa kwenye nyumba ambayo mwenye leseni amekufa inaweza kuangukia mkono wowote. Mimi nilikuwa karani wa vielelezo, najua nguo zenye damu zilivyofungwa kwenye mifuko kule stoo. Nilimtafsiria Mama Elia yote bila kupunguza. Nilikuwa nimekoma kupunguza.

"Anasema kweli huyu binti," Mama Elia alininong'oneza. "Sasa kwa nini hakuja akaniambia mimi?"

Wakili wetu hakubishana na udhibiti wa silaha. Alisema serikali ina haki ya kudhibiti, na hata kuchukua. Alichokipinga ni kuchukua mali ya mtu bila kumsikiliza, na kisha kumfungia mlango wa mahakama kwa maneno mawili, uamuzi wa mwisho. Jaji mmoja akamuuliza mteja wake angesema nini kama angesikilizwa. Wakili akasema hajui, mheshimiwa, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Majaji wakaandika.

Hukumu ilisomwa miezi mitatu baadaye. Ilikuwa ndefu, nitawapa kiini chake. Walisema kumiliki bunduki si jambo la kila atakaye, na sheria inaweza kuweka masharti makali kwa ajili ya usalama wa wote. Lakini kuchukua bila kumsikiliza mhusika, na kumzuia asiende mahakamani, kunakwenda kinyume cha Katiba. Hawakukifuta kifungu siku ile. Waliipa serikali muda wa kukirekebisha, kama Katiba inavyoruhusu, na wakaelekeza Mama Elia asikilizwe upya. Nilimtafsiria mpaka mwisho. Akauliza kama maana yake ameshinda. Nikasema ndiyo, mama. Akasema basi twende, jua linazidi.

Ofisa wa zamani alikuwa amehamishwa. Mpya alimkalisha kwenye kiti, akamuuliza shamba liko wapi, nani mwingine yuko nyumbani, silaha itafungiwa wapi, kama anajua kuitumia. Kwenye hilo la mwisho Mama Elia alinitazama mimi, tukajizuia kucheka. Alitoka na leseni yenye jina lake. Gobore lilirudi lina kutu kidogo. Msimu ule alivuna magunia, akaniletea debe la mtama kwa kondakta wa basi, na mwaka uliofuata tena.

Mwaka wa tatu kondakta hakuleta mtama. Alileta ujumbe: Mama Elia anakuita, mkutane kituo cha polisi Jumatatu asubuhi.

Nilimkuta amekaa nje kwenye benchi, gobore limelazwa magotini limeviringishwa khanga, mjukuu wake wa kike kando. Nilipoamkia aligeuza sikio kwanza, ndipo uso. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Aliniambia kilichotokea wiki ile. Jioni aliona kitu kinainama kwenye mtama, cheusi, kinakwenda kama nguruwe. Akalenga. Kidole kiko tayari. Kisha kile kitu kikaanza kuimba. Alikuwa binti wa jirani anachuma mlenda.

"Sikufyatua," alisema. "Lakini sijalala tangu siku hiyo."

Kwa hiyo alikuwa amekuja kulitoa. Nikafikiria Dodoma mara tatu, viapo viwili, msimu uliopotea kwa ajili yangu. Nikamuuliza mama, baada ya yote yale unalirudisha? Aliinuka, akanishika mkono nimwongoze ndani.

Kwenye kaunta alikuwepo askari kijana, mgeni mkoani, mwenye adabu. Alipokea gobore, nikamwomba alipime kwa mshindilio, akapima, lilikuwa tupu. Akafungua daftari la kupokelea silaha. Jina. Namba ya leseni. Kijiji. Akaandika yote kwa mwandiko mzuri, akafika mstari fulani, akaweka kalamu chini, akamtazama yule mama asiyemwona.

"Mama, samahani, lazima nikuulize. Unalitoa kwa hiari yako, au kuna mtu amekulazimisha?"

Mama Elia alinibana mkono mpaka ukauma. Uso wake ulifunguka wote.

"Rudia, mwanangu," alisema.

Askari akadhani hakusikia. Akarudia, polepole, kwa sauti ya juu zaidi.

"Hakuna aliyenilazimisha," Mama Elia alisema. "Andika hapo, mwenyewe nimeamua."